Mazoezi ya Ziba

Nilishuka treni Tabora asubuhi moja ya mwezi wa Aprili, mwaka wa sabini na nane, nina sanduku la bati na mwanasesere niliyemshona mwenyewe kwa mabaki ya kanga. Nyumbani nilimkuta mwanangu Masika barazani, anakula kiazi. Alinitazama, akatazama sanduku, kisha akageukia ndani akapaza sauti:

"Mama! Dada amekuja!"

Mama aliyeitwa alikuwa mama yangu mimi. Dada ndiye mimi.

Mtoto sikumlaumu. Nilipoondoka kwenda chuo kikuu ndio kwanza alikuwa amepata miguu, anatembea huku ameshika ukuta. Nyumba ilibaki na wadogo zangu wawili, Abbasi na Maua, na hao wananiita dada tangu wajue kusema. Barua yangu ikifika husomwa kwa sauti, "Dada anawasalimu." Pesa kidogo ikifika, "Dada kaleta." Mtoto naye huokota jina linalodondoka karibu yake.

Nilijiambia ni jambo la kurekebishwa kwa siku mbili tatu. Lakini kesho yake nilikwenda bombani na mama, na jirani mmoja akaita kutoka mwisho wa foleni, "Mama Masika, ndoo yako inamwagika!" Niligeuka. Mama alikuwa ameshaitika na ameshainama kuiondoa ndoo.

Jina lile nilipewa mimi siku niliyojifungua, mvua ikipiga mabati hadi mkunga akawa anasema kwa ishara. Sasa mtaa mzima ulikuwa umelihamisha bila ya mkutano. Mama aliniona nilivyogeuka. Alinitwisha ndoo tukarudi.

Kabla ya chuo nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya mkoa. Darasa la saba nililisoma mchana kama watoto wengine. Yaliyobaki yote niliyapata katika madarasa ya jioni, kwa taa ya karabai umeme ukikatika, na miezi ya mwisho tumbo likigusa dawati mbele yangu. Baba yake Masika ni mtu wa reli. Alihamishiwa Kigoma, akaoa huko, tukaachana bila kelele. Kisha ukaja utaratibu ule wa chuo kikuu kuchukua watu waliokwisha kufanya kazi. Ofisi ikanipendekeza, tawi la Chama likanipendekeza, na mama akasema, "Nenda. Mtoto niachie mimi." Bila maneno yale nisingefika chuoni Mlimani. Hilo nalijua, nalo ndilo lililofanya mambo kuwa magumu.

Sasa likizo ndefu ilikuwa imeanza, na kila mwanafunzi wa utawala alitakiwa kuitumia kwa mazoezi ya kazi katika utumishi wa umma. Mhadhiri wetu alinipa nafasi tatu nichague moja, nimjulishe kwa telegramu kabla ya Ijumaa kwisha.

"Haya, tueleze," baba alisema siku hiyo tulipomaliza kula. Baba yangu, Mzee Darwesh, ni fundi cherehani. Si wa kushona, wa kuzitengeneza zikigoma. "Serikali inakutaka wapi?"

"Ya kwanza ni wizarani, Dar es Salaam, idara ya mipango. Nitaendelea kulala chuoni. Waliopita pale mwaka jana wameajiriwa palepale."

"Basi imekwisha," mama alisema. "Maua, toa sahani."

"Mwache amalize, Mama Tufaha," baba alisema. Tufaha ni jina langu.

"Ya pili ni Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi. Ni karibu. Lakini wafanyakazi wanalala bwenini, na kuingia ni kwa kibali. Mtoto hapewi kibali."

"Na ya tatu?"

"Ziba, upande wa Nzega. Kijijini. Kusaidia serikali ya kijiji. Kuna nyumba."

Mama alicheka. "Watu wanasoma ili watoke Ziba. Huyu anasoma ili aende Ziba!"

Hata mhadhiri aliniambia waziwazi kwamba Ziba imebaki kwa sababu hakuna aliyeitaka. Wizarani kuna wakubwa watakaokukumbuka ukimaliza chuo, alisema. Kijijini atakukumbuka nani?

"Ziba naweza kwenda na Masika," nilisema.

Mtoto alikuwa miguuni pa mama, anamvua mwanasesere wangu nguo. Mama akamvuta karibu, kama mtu anayevuta kigoda mvua inapoanza kuingia barazani.

"Masika ana mahali pake," alisema.

"Babu yangu mimi," baba akaanza, na Abbasi akaguna kwa sababu hadithi hii anaijua, "babu yangu aliingia mji huu na mzigo wa mtu kichwani, katokea pwani kwa miguu. Akautua hapa, akasema anapumzika kidogo. Mpaka leo anapumzika, kaburi lake liko mtaa wa Ng'ambo. Na misafara ile ilikuwa na wanawake, na watoto mgongoni. Leo kuna basi mpaka Nzega, nyinyi mnaogopa."

"Na watoto wangapi walifika?" mama aliuliza.

Kati yangu na Abbasi mama alizika watoto wawili, wote kwa homa. Nyumbani kwetu hayo huwa hayasemwi, lakini huwa yapo.

Mama alinigeukia, sauti yake ikawa ya chini. "Mwanangu, mimi sikunyang'anyi mtoto. Nenda Dar, ufanye kazi hiyo ya mipango, upate nyumba. Siku utakapokuwa na nyumba, njoo umchukue."

"Siku hiyo atanijua kwa jina gani?"

Mama alimbeba Masika akaenda kumwogesha.

*

Siku iliyofuata nilikwenda ofisi ya mkoa kwa Ndugu Wenceslaus, afisa utumishi, aliyekuwa mkubwa wangu zamani. Alikuwa mtu wa Kaunda suti iliyonyooshwa, na alikuwa na tabia ya kugonga meza kwa ngumi kila akimaliza sentensi, kama mtu anayepiga mhuri.

"Usichague usichokiona," aliniambia. Ngumi. "Hata kiatu hujaribiwa. Nenda Ziba, lala siku moja, rudi. Ukikipenda, sawa. Usipokipenda, Dar haihami." Ngumi.

"Nitafikia kwa nani?"

"Nitawapelekea habari."

Simu ya kufika Ziba haikuwepo, kwa hiyo habari ilipita kwenye redio ya polisi. Nilisimama pembeni nikimsikiliza akipiga kelele mbele ya kile chombo. "Mwanafunzi wa chuo kikuu! Anakuja Ziba! Kwa ajili ya mazoezi! Nasema mazoezi! Kina mama wajulishwe!" Redio ikakoroma, ikasema imepokea.

Sikuona kosa lolote. Mlimani neno lile lilikuwa na maana moja tu, nami nilikuwa nimeshalizoea.

Mama hakukataa nimchukue Masika kwa safari ya kwenda na kurudi. Alichemsha maji akayatia kwenye chupa mbili, akanifungia dawa ya malaria kwenye kipande cha kitambaa, akaniambia mtoto halali bila kushikwa sikio. "Sikio la kushoto," alisema. Nilikuwa sijui. Hilo nalo nikalibeba.

Masika alilia mpaka basi lilipoacha mji, akimwita mama yake, yaani mama yangu. Abiria walinitazama kama mwizi wa watoto. Mzee mmoja akaniuliza, "Huyu ni wa kwako, binti?" Nikasema ni wangu. Akamtazama mtoto, akanitazama mimi, akasema, "Haya," kwa sauti ya mtu anayetaka ushahidi. Nilimshika mtoto sikio la kushoto. Hakulala mara moja, lakini alilala.

Nzega tulipata lori lililokuwa limepeleka pamba na linarudi tupu. Dereva alituweka mbele. Mvua za mwisho zilikuwa zimekata barabara vipande vipande, na jua lilikuwa limekwisha kupinda tulipofika Ziba.

Uwanjani mbele ya ofisi ya Chama kulikuwa na wanawake wapatao thelathini wamesimama mistari mitatu. Kanga zimefungwa kiunoni kwa nguvu. Wengi walishika michi ya kutwangia, wengine mipini ya majembe, na wawili wa mbele walikuwa na bunduki za mbao. Pembeni alisimama mwanamume wa makamo mwenye sare ya mgambo na filimbi mdomoni. Aliponiona nashuka, akapuliza.

"Kikosi! Kikosi, mguu... sawa!"

Michi ikapiga ardhi. Nusu yao walipiga mguu wa kulia, nusu wa kushoto.

Yule mwanamume akaja mbele yangu akakaza mwili, akapiga saluti. "Afande! Naitwa Luhende, kamanda wa mgambo wa kijiji. Kikosi cha kina mama kiko tayari kwa ukaguzi na mazoezi!" Halafu akamwona Masika mgongoni mwangu, ananyonya kidole. Saluti ikateremka kidogo. "Na huyu... naye ni wa mazoezi?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilipata hamu ya kucheka na hamu ya kurudi ndani ya lori kwa wakati mmoja. Lori lilikuwa limeshaondoka.

"Ndugu Luhende," nilisema, "hakuna mazoezi."

"Tumeambiwa mazoezi. Redio imesema mara mbili."

"Ni mazoezi, lakini si ya mgambo. Ni mazoezi ya kazi."

"Ya kazi?" Mwanamke mmoja mfupi katika mstari wa mbele aliushusha mchi wake. Mchi ulikuwa mrefu kumpita. "Kazi tunaifanya tangu kuzaliwa, tunafanyia mazoezi ya nini tena? Karanga zetu zimelala shambani zimeng'olewa nusu, wingu lile pale linazitazama, sisi tuko hapa tunapiga miguu kama mbuni!"

"Mwambie, Ngollo!" sauti za nyuma zikamtia moyo.

"Mazoezi ni yangu mimi," nilisema. "Nyinyi hamtakiwi kufanya lolote. Mimi ndiye ninayekuja kujifunza kazi. Kwenu."

Ngollo aliegemea mchi wake. "Yaani serikali imetuletea mwanafunzi?"

"Ndiyo."

"Sisi ndio walimu?"

"Ndivyo ilivyo."

Kicheko kilichofuata kiliwafukuza njiwa kwenye bati la ofisi. Wanawake walipigana viganja. Mmoja alimkabidhi mwenzake mchi ili apate kushika mbavu. Luhende peke yake hakucheka.

"Kwa hiyo mimi sina kikosi?"

"Samahani, ndugu yangu."

"Nilikuwa nimeshawafundisha kugeuka."

"Basi geuka nyuma wewe, uende nyumbani!" sauti ikatoka mstari wa tatu, na uwanja mzima ukavunjika upya. Mwisho hata Luhende akatabasamu, akaweka filimbi mfukoni.

Ngollo akanijia, akanitazama kutoka juu hadi kwenye viatu. "Unaitwa nani, mwanafunzi wetu?"

"Tufaha."

"Tu nini?"

"Tufaha. Ni tunda."

"Huku halioti. Na huyo mgongoni?"

"Masika."

"Ee, hilo linaota!" Akamshika Masika mguu. "Basi wewe Mama Masika. Njoo, Mama Masika. Mazoezi unayataka, karanga zipo."

Niliitika upesi kuliko ilivyopasa.

*

Tulizing'oa karanga mpaka giza likaanza kuingia. Sikuwa hodari wala sikuwa mbaya. Nilipokata mashina nikaacha karanga ardhini waliniambia, nilipofanya vizuri hawakusema kitu. Kazi ilikwenda hivyo. Kilichonishughulisha ni watoto. Wakubwa waliwabeba wadogo, wadogo walikaa pembezoni mwa shamba juu ya magunia, na kila baada ya muda mwanamke mmoja aliacha mstari wake akakimbia kumtoa mtoto udongo mdomoni au kumrudisha aliyekuwa anaelekea kwenye majani marefu. Ngollo alikuwa na mjukuu mgongoni muda wote, akiinama naye, akiinuka naye.

"Hamna nyumba ya kulelea watoto?" nilimuuliza.

"Iko. Utaiona."

Niliiona tuliporudi. Ilikuwa nyumba nzuri ya matofali, iliyojengwa na kijiji chote kwa nguvu zao, na mlangoni mtu alikuwa ameandika kwa chokaa WATOTO. Ngollo akanionyesha nichungulie dirishani. Ndani kulijaa magunia mpaka kwenye mabati.

"Mbegu za pamba," alisema. "Mwenyekiti anasema mbegu zikinyeshewa zinaoza. Watoto wakinyeshewa wanakauka."

"Na hamjalalamika?"

"Tumelalamika kwa mdomo, tumelalamika kwa kalamu. Hawa wanawake uliowaona wameshasoma elimu ya watu wazima, barua wanaandika. Wilaya inajibu neno moja tu kila mara: leteni mpango. Sasa wewe msomi, hebu niambie. Mpango ni mdudu gani?"

Nilisimama pale dirishani. Neno lile nililijua. Nililisoma muhula mzima na nikalifanyia mtihani: watoto wangapi, nani atawalea na kwa zamu gani, watakula nini, mbegu zitahamia wapi. Wizarani ningeyapanga makaratasi ya watu wanaojua tayari namna ya kuomba. Hapa walikuwapo watu wenye nyumba, wenye watoto, wenye hasira ya kutosha, na waliokwama kwa neno moja.

"Si mdudu mkubwa," nilimwambia. "Anaandikika."

"Basi tutakuona," Ngollo akasema. Hakuahidi kunipenda.

Nyumba ya mgeni nayo nilionyeshwa. Pembe moja ilivuja. Kisima kilikuwa karibu, zahanati ilikuwa mbali. Kwa baiskeli, Ngollo alisema, unaondoka na umande unafika jua likiwa kali. Nilimuuliza homa ikimshika mtoto usiku wanafanyaje. Alinieleza bila kunificha, wanampoza kwa maji wanasubiri kuche, na wengine huiona asubuhi na wengine hawaioni. Nikafikiria dawa ile kwenye kitambaa, na mkono wa mama ulioifunga.

Tulilala kwa Ngollo. Asubuhi Masika aliamka akaona dari ya majani, akaanza kulia, "Mama! Mama!" Nilikimbia kutoka jikoni. Alinitazama, akatazama nyuma yangu kama kuna mtu mwingine anayefuata. Hakuja mikononi mwangu. Nilisimama pale na upawa mkononi, nikawa sina pa kujiweka.

Wanawake walikuwa wanapita kwenda kisimani. "Mwangaluka, Mama Masika!" alisema wa kwanza, nami nikamrudishia salamu ya kwao. "Mama Masika, mtoto kaamka huyo!" alisema wa pili. "Mama Masika, leo hatupigi mguu sawa?" akauliza wa tatu, na wote wakacheka tena kichekesho cha jana. Masika aliacha kulia ili asikilize. Alimtazama kila mmoja aliyesema, kisha akanitazama mimi ninayeitika.

Nilikwenda kisimani pamoja nao, mtoto nikamwacha uani na wajukuu wa Ngollo kwenye rundo la karanga. Ngollo alikuwa anawaangalia. Nikarudi, nikatua ndoo, nikaanza kufua. Nyuma yangu sauti nyembamba ikasema:

"Mama Masika!"

Sikugeuka. Nilidhani ni mtoto wa jirani.

"Mama Masika!" Sasa alinivuta kanga. Alikuwa yeye, uso wote udongo, karanga moja kwenye kiganja amenyoosha mbele yangu. "Mama Masika, menya."

Alisema jina zima, kama jirani anayekuja kuazima ungo.

Nikamenya.

*

Nisidanganye mtu, sikurudi Tabora nikiwa mama wa mtoto wangu kama walivyo wengine. Tulipoingia mlangoni alimrukia mama yangu shingoni, akamwita mama, akamsimulia mambo ya mbuzi. Mama alimkagua kama mtu anayekagua sahani zilizoazimwa: paji la uso, masikio, tumbo, nyayo. Kwenye kidole gumba cha mguu akaona kitu.

"Funza," alisema. "Ndiyo Ziba hiyo." Akachukua pini, akaipitisha motoni, akamweka mtoto mapajani.

Alikuwa hodari wa kutoa funza, mkono mwepesi. Lakini pini ikigusa, inagusa. Masika akapiga kelele:

"Mama Masika! Inauma!"

"Naam, mwanangu, nimemaliza," mama akaitika.

"Si wewe!" Akanyoosha mkono upande wangu. "Yule!"

Mama aliishikilia pini hewani. Nilimpa mtoto mkono wangu akaukamata, mama akainamisha kichwa akamtoa funza mzima bila kumpasua, akapaka mafuta ya taa, akafunga kitambaa. Alifanya yote kwa utaratibu. Alipomaliza alikaa ameshika ule mguu mdogo.

"Kule wanakuita hivyo?" aliuliza.

"Wanawake wa kule. Hawakujua jina lingine."

"Hm."

Nikamweleza yote: nyumba ya watoto na mbegu, pembe inayovuja, zahanati ilivyo mbali. Sikuficha zahanati. Nilimwambia kwamba Dar nikienda nitapata kazi mapema zaidi, na huenda nyumba mapema zaidi, na kwamba ningekuja kumchukua mtoto anayenijua kama dada yake. Na Ziba kuna kazi ninayoiweza, tena kazi yenyewe ni ya watoto, wa kwangu akiwa mmojawapo. "Mama, nimechagua Ziba. Lakini mtoto ni wako pia. Ukisema hapana juu yake, nitakwenda peke yangu."

Ilikuwa kweli niliposema.

Nje baba alikuwa anagonga cherehani ya mtu.

"Maji ya kunywa utachemsha kila siku?" mama aliuliza.

"Kila siku."

"Si siku unayokumbuka."

"Kila siku, mama."

"Na viatu avae. Hata akilia, avae." Akamweka Masika chini. "Na mimi sasa nitaitwa nani?"

"Mama Tufaha. Kama zamani."

"Jina la kizee hilo," alisema, akaenda jikoni, akakaa huko kwa muda mrefu kuliko kazi iliyokuwepo.

Ijumaa nilipeleka telegramu, kisha nikapita kwa Ndugu Wenceslaus. Habari za mistari mitatu na michi zilikuwa zimeshamfikia kwa redio ileile, na alikuwa ameona haya kidogo.

"Safari hii," alisema, "niwaambie unakuja kwa nini? Nasikia lile neno kule lina madhara."

"Usiwaambie ninakuja kwa nini. Waambie Mama Masika anarudi."

"Watajua ni nani?"

"Watajua."

Alifikiri, akapiga ngumi mezani, ikawa imepita.

Nafasi ya wizarani alipewa Marcelina, tuliyelala naye chumba kimoja chuoni. Aliajiriwa palepale, kama walivyosema wataajiri. Mimi wakati naondoka kwenda Ziba sikuwa na lolote la namna hiyo mkononi. Nilikuwa na sanduku la bati, sufuria ya kuchemshia maji, viatu viwili vidogo vya plastiki, na daftari jipya ambalo juu yake nilikuwa nimeandika MPANGO na chini yake bado hakuna neno.

Walitusindikiza wote mpaka stendi. Baba alikuwa anamweleza kondakta habari za babu yake. Abbasi alipandisha sanduku juu ya basi. Mama alimbeba Masika mpaka mlango wa basi, na hata hapo hakumtoa.

Jirani yetu yule wa bombani alikuwa anapita na kikapu cha sokoni. Alituona, akasimama upande wa pili wa barabara akapunga mkono.

"Mama Masika! Safari njema, Mama Masika!"

Mama alifungua mdomo, pumzi ya kuitikia ikiwa imeshatoka. Akaufunga. Akanipa mtoto, kisha akanisukuma bega kidogo kwa kiganja chake, jinsi alivyokuwa akinisukuma nilipokuwa mdogo na mgeni ananisalimu nami naona haya.

"Itika basi," alisema. "Unaitwa."